Siku Baba Alipolitengeneza Gitaa la Raewyn

Dada yangu Raewyn anapiga gitaa katika bendi inayoitwa Sufu Mbichi. Kwa mtu wa huku kwetu Port Chalmers jina hilo halina fumbo. Mvua ikishanyesha siku nzima, watu wakajazana ukumbini na masweta yao ya sufu yaliyolowa, wakaanza kurukaruka, joto likipanda harufu yake ndiyo hiyo. Lachie, mpiga dramu, alinusa hewa akasema, "Jamani, humu mnanuka kondoo," na bendi ikapata jina kabla haijapata wimbo wa pili.

Naandika habari zake kwa sababu gazeti la wanafunzi kule Dunedin lilisema gitaa lake lina siri ya mafundi wa Japani. Halina. Mimi shule niliiacha mapema kwa ajili ya kifua changu, kwa hiyo mambo mengi ya nyumbani kwetu nimeyaona kwa macho, nikiwa nimejifunika blanketi kwenye kiti cha jikoni.

Gitaa lenyewe lilikuja hivi. Raewyn alikuwa na miaka kumi na mitatu, Mama akaenda duka la mitumba la kanisa kumtafutia koti la shule. Koti lilikuwa limeliwa na nondo. Kando yake palikuwa na gitaa la umeme, zamani lilikuwa jekundu, shingo imevunjika ikagundishwa kwa gundi ya mbao, nyuzi tano badala ya sita. Mama akanunua gitaa. Baridi ile Raewyn alikwenda shule amevaa koti la kazini la Baba lililofupishwa mikono, na sijamsikia akilalamika.

Hakufundishwa na mtu. Kwa mwalimu wa muziki alikwenda mara moja tu, akarudi amenuna.

"Anataka kila gitaa lipangwe sauti kama la mwenzake," alimwambia Mama. "Sasa kama yote ni sawa, ya nini kuwa na mengi?"

Akajipangia mwenyewe. Amplifaya, spika ya gitaa aliyoazimwa na binamu yetu, ilikuwa inavuma hata asipogusa kitu, na mvumo wake ulikuwa sawasawa na wa friji la jikoni, maana umeme ni ule ule. Akaukaza uzi mnene mpaka ukakubaliana na friji, na nyingine akazipanga kuufuata huo. Tangu hapo ule mvumo hakuna aliyeuita kelele tena. Uliingia ndani ya wimbo ukakaa.

Halafu palikuwa na kasoro moja kubwa. Kwenye shingo ya gitaa kuna vile vyuma vya kukingama, ambavyo mpigaji anabana nyuzi juu yake. Kimoja kilikuwa kimenyanyuka. Uzi ukipita pale uligonga ukalia nzzz, kama nyuki ndani ya chupa. Mwingine angelipeleka kwa fundi. Raewyn alikaa na nyuki yule chumbani, mlango umefungwa, mpaka akajua wapi analia, wapi ananyamaza, wapi anaanza kwa kuguna halafu anapasuka. Nyimbo zote za Sufu Mbichi zimezaliwa humo. Ule unaopendwa zaidi, "Kilima cha Nyuma", hauna hata maneno mengi. Watu wanasimama wanamsubiri nyuki.

Bendi walikuwa watatu. Yeye, Lachie, na Tipene anayepiga gitaa la besi, mtu mwenye mikono mikubwa ya raga ambaye hupiga taratibu kana kwamba anaogopa kulivunja. Mwanzoni walipiga kwenye baa za bandarini, na pale baa watu hawakuwataka kabisa.

"Piga tunaoujua!" mzee mmoja wa gatini alikuwa anapaza sauti kila mara.

"Ukiusikiliza huu utaujua," Lachie alimjibu.

"Nimeusikiliza! Mwambie huyo binti ageuke basi, au ana deni na sisi?"

Maana Raewyn hupiga akiwapa watu mgongo. Si maringo. Anataka kuitazama amplifaya, kama mtu anavyotazama sufuria ya maziwa isije ikafurika. Lakini polepole wakaanza kuja wengine, wanafunzi wa chuo na wasichana wa kiwandani, watu ambao redio ilikuwa haiwapigii wanachokitaka. Muziki wa namna hiyo Auckland wanauita roki mbadala. Huku kwetu haukuwa mbadala wa kitu, ulikuwa ndio uliopo. Wakaenda na gari bovu la Lachie mpaka Invercargill, wakaenda Christchurch, wakalala sakafuni kwa watu, wakarudi na mafua. Jumatatu asubuhi Raewyn alikuwa amerudi kwenye mashine yake kiwanda cha chokoleti, amevaa kofia nyeupe, anatenga pembeni chokoleti zilizovunjika.

Akafika miaka ishirini na minne. Msimamizi wa kiwandani alimpenda kwa sababu alikuwa hasemi sana, akamwambia kuna nafasi ya kuwa kiongozi wa zamu ya jioni. Kazi nzuri. Lakini zamu ya jioni ndiyo saa ya bendi.

Wakati huohuo akapiga simu Warwick wa Christchurch. Warwick ana kampuni ya santuri ambayo kwa kweli ni yeye mwenyewe, gari lake, na mashine ya kurekodi anayoizungusha nchi nzima. Alisema atakuja Port Chalmers Jumamosi na Jumapili moja, warekodi ndani ya ukumbi wa kanisa. Ikitoka vizuri atatoa santuri. Isipotoka, mashine ina bendi nyingine zinazoisubiri, na hajui atarudi lini tena huku kusini.

Raewyn aliweka simu chini akabaki amesimama.

"Kama haikuwa safari hii," alimwambia Mama, "Jumatatu nakubali ile zamu. Sitaki kuwa mtu wa miaka arobaini anayesema nilikuwa na bendi."

"Haya," Mama akasema. Jina lake Nola. Mama akisema haya ujue amesikia mpaka chini.

Sasa Baba. Baba yetu, Mervyn Tulloch, amefanya kazi karakana ya reli maisha yake yote mpaka alipostaafishwa. Haongei. Akikupenda anakutengenezea kitu. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao Mama aliamka akakuta pasi yake ina waya mpya. Nilipolazwa hospitali nilirudi nikakuta kitanda changu hakilii tena, kila skrubu imekazwa. Majirani wanamletea mashine za kukata nyasi, wanazichukua zinalia kama paka aliyeshiba. Banda lake la nyuma lina kila kifaa mahali pake, na umbo la kifaa limechorwa ukutani ili kikikosekana ionekane. Kelele ya chuma kinachogongana na chuma inamuuma kama jino. Miaka yote ile karakanani kazi yake hasa ilikuwa hiyo: gari-moshi likija na mlio usiojulikana, aliitwa Merv, aliweka sikio, akautafuta, akauua.

Kwenye maonyesho ya Raewyn alikuwa hajaenda hata mara moja. Hakumkataza pia. Akisikia mazoezi chumbani alikuwa akiinua kichwa kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha anakwenda bandani.

Alhamisi ya juma lile Raewyn alikwenda kazini. Mimi nilikuwa kitandani na kifua, na tangu asubuhi nilisikia tupa inasugua chuma huko bandani, fyu, fyu, fyu, kwa subira. Nikadhani ni visu vya mashine ya mtu ya nyasi. Usiku Raewyn alirudi amechoka akalala bila kufungua mfuko wa gitaa. Kesho yake, Ijumaa, ikaendelea, halafu ikanyamaza. Baba akaingia jikoni akanawa mikono kwa brashi mpaka kwenye viwiko, akakaa mezani akiwa amechana nywele.

Raewyn alifika alasiri ananuka chokoleti. Gitaa lilikuwa juu ya meza, juu ya kitambaa safi cha kufutia vyombo. Lilikuwa jekundu. Baba alikuwa amelisugua, amelipaka nta, ameondoa gundi ya zamani na kuigundisha shingo upya bila hata mstari kuonekana. Nyuzi zilikuwa sita, mpya, zinang'aa. Na vile vyuma vya shingoni alikuwa amevipiga tupa vyote vikawa usawa mmoja, laini kama kioo.

"Kulikuwa na chuma kimenyanyuka," Baba alisema. "Ndicho kilichokuwa kinakuletea ule mlio. Miaka yote ile nausikia, roho inaniuma. Nikasema, mtoto anakwenda kurekodi, hawezi kwenda na kitu kinalia vile." Akavuta pumzi. "Na nyuzi nimezipanga. Nilimpigia simu Bi Ettrick anayepiga kinanda kanisani, akanipigia noti moja moja, mimi nakaza huku. Ametumia muda wake mwingi, ukimwona umshukuru."

Hotuba ndefu kuliko hiyo sijamsikia nayo.

Raewyn alilitazama gitaa. Alikuwa bado na kofia ya kiwandani kichwani.

"Limependeza sana, Baba," akasema. "Ahsante."

Akalichukua na kitambaa chake, akaingia nalo chumbani.

Chumba chetu ni kimoja, kwa hiyo nilikuwa humo. Alichomeka amplifaya. Akapiga, na gitaa likatoa sauti nzuri, ya kuitwa harusini. Akaushusha uzi mnene mpaka ukafikia friji, akapanga zilizobaki kama zamani, akaanza "Kilima cha Nyuma". Alipofika mahali pa nyuki hapakutokea kitu. Uzi ulipita wima, msafi, ukaenda zake. Akarudia. Akabana kwa nguvu, akapiga kwa ukucha, akapiga kwa sarafu. Msafi. Akalilaza gitaa magotini, na mimi nikajifanya nasoma.

Lachie na Tipene walikuja kufanya mazoezi ya mwisho. Walisikiliza wimbo nusu.

"Umenunua jingine?" Lachie akauliza.

"Ni lile lile. Baba kalitengeneza."

"Kalitengeneza! Tipene, unasikia? Wewe unasemaje?"

Tipene alifikiri. "Linasikika kama tangazo la sabuni."

"Shusha sauti wewe," Raewyn akasema, "yuko jikoni."

"Basi tuazime la kaka yangu," Lachie akanong'ona.

"La kaka yako nitafanyia nini? Hata hilo ni zima."

Baba akatokea mlangoni. Ameshika kikombe cha chai. "Mambo yanakwenda?"

"Vizuri sana, Mzee Tulloch," Lachie akasema upesi. "Kazi safi. Safi mno."

"Nyuzi hazigongi popote?"

"Hazigongi popote, mzee."

Tipene alikuwa anatazama viatu vyake. Na ndivyo tulivyo huku. Mtu akikupa kitu kwa mikono yake, utakufa nacho kabla hujamwambia kimekuharibia. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akageuka kuondoka, na nadhani wote wangekwenda ukumbini kesho yake hivyohivyo, wakarekodi tangazo la sabuni, wakarudi nyumbani kwa adabu. Ila Mama alikuwa nyuma yake na sinia.

"Raewyn, mwambie baba yako," Mama akasema. "Asipojua, akimaliza chai atakutengenezea na hiyo amplifaya."

"Mama!"

"Aniambie nini?" Baba akauliza.

Raewyn alivua ile kofia, akaikunja, akaikunjua. "Ule mlio, Baba. Ule wa nzzz."

"Nimeuondoa."

"Najua. Ndio niliokuwa naupiga."

Baba hakuelewa, niliona. Akamtazama Lachie, akamtazama Tipene, kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye.

"Ule ulikuwa ubovu," akasema.

"Ulikuwa wimbo, mzee," Tipene akasema polepole. "Watu wanakuja kwa ajili ya ule."

Baba akaweka kikombe juu ya kabati langu, akatoka. Tukasikia mlango wa nyuma, tukasikia wa banda.

"Haya, mmefurahi?" Raewyn akasema. Macho yalimjaa machozi. "Sasa nimepoteza wimbo na nimempoteza na baba, kwa alasiri moja."

Lachie alikuwa anagonga kidole kwenye goti bila kujua anagonga. Mlango wa nyuma ukafunguliwa tena, na sauti ya Baba ikaja kutoka koridoni, bila yeye kuonekana.

"Leteni hilo gitaa. Na hiyo spika. Na wewe uje."

Bandani hapakuwa na nafasi ya watu watano, lakini tuliingia. Alikuwa amewasha hita ndogo na kuondoa kila kitu juu ya meza ya kazi. Raewyn akakaa juu ya ndoo.

"Nionyeshe kilichopotea," Baba akasema.

"Siwezi kukuonyesha, Baba. Kimepotea."

"Basi kiimbe. Dereva wa gari-moshi asipoweza kunieleza, nilikuwa namwambia aigize mlio kwa mdomo."

Raewyn, anayewapa watu mgongo hata ukumbi mzima ukimshangilia, akamtazama baba yake na kufanya kwa mdomo, "Nnnzzz." Lachie akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Unaanza chini au unaanza juu?" Baba akauliza.

"Unaanza kama umekasirika. Halafu unapanda. Nnn-zzzziii."

"Unakufa ghafla au unafifia?"

"Unafifia. Lakini unatetemeka kwanza."

"Haya. Piga huo wimbo wote, bila kitu."

Akapiga. Baba aliinamisha kichwa, sikio moja mbele, mikono nyuma, kama nilivyosikia alikuwa akisimama karakanani. Wimbo ulipoisha hakusema umemfurahisha wala haukumfurahisha. Alisema, "Mahali penyewe ni pale unapopanda mara ya pili."

"Umejuaje?"

"Pana shimo."

Wakaanza. Baba alisema wazi tangu mwanzo: chuma alichokila kwa tupa hakiwezi kurudi, kwa hiyo nyuki yule hatoki tena, watafute mwingine. Alijaribu kijiti cha kiberiti chini ya uzi. "Amekabwa huyo," Raewyn akasema. Alijaribu pete nyembamba za chuma za kuwekea chini ya nati. "Hiyo ni njuga ya mbuzi," akasema Lachie. Alikata kipande cha kopo la tumbaku, kikalia vizuri mara mbili halafu kikaruka kikampiga Tipene shavuni. Baba alikuwa anatafuta nafasi ndogo kabisa ambayo uzi ungegonga kidogo bila kugonga sana, na mikono yake ilikuwa haitaki. Niliiona. Mara tatu alifanya kitu kikaanza kulia, na kidole chake kikaenda chenyewe kukikaza.

"Usikikaze, Baba!"

"Sijakikaza."

"Umekikaza."

"Ni mazoea," akasema, akakilegeza.

Mama alileta mikate yetu ya kukunja na jibini, ile ya kuchomwa mpaka siagi inatiririka, akaisukuma kupitia dirishani maana mlango ulikuwa umezibwa na Tipene. Walipokuwa wanakula Baba alifungua droo akatoa kifaa chake cha kupimia upenyo. Ni vipande vya chuma vyembamba kama majani, vimefungwa pamoja kama kisu cha kukunja, kila kimoja na unene wake. Fundi anakiingiza kati ya vyuma viwili kujua vimeachana kiasi gani. Alikuwa nacho tangu ujana wake, na mimi sikuruhusiwa kukigusa. Akachagua jani moja, akalijaribu chini ya nyuzi bila kulitoa kwenye wenzake, akamwashiria Raewyn apige.

Lililia. Halikuwa nyuki. Lilikuwa kama waya wa uzio wa kondoo juu kilimani upepo ukiupiga, mlio mrefu unaokuja kutoka mbali na hauna haraka ya kuondoka. Raewyn akaacha mkono juu ya nyuzi. Tipene akaacha kutafuna.

"Tena," Raewyn akasema.

Baba akachukua koleo, akalivunja jani lile kutoka kwenye kifaa. Kak. Akalipinda ncha, akalibana pale kwa skrubu moja ndogo.

"Kifaa chako, mzee!" Lachie akasema.

"Piga," Baba akamwambia Raewyn.

Wimbo ulibidi ubadilike. Mlio mpya ulikuwa mrefu kuliko wa zamani, kwa hiyo ilibidi waungoje, na kwa kuungoja wakapunguza mwendo, na Tipene akagundua kwamba mahali pale anaweza kunyamaza kabisa. Lachie alipiga juu ya kopo la rangi kwa vijiti vya kuchanganyia rangi. Mimi niliona baridi nikarudi ndani, lakini niliwasikia kutoka jikoni, na Mama alisimama kwenye sinki na maji yanatiririka bila kuosha kitu.

Jumamosi ukumbini Warwick alitandaza nyaya zake sakafuni asubuhi yote. Ni mtu mwembamba, mwenye wasiwasi, anayekunywa chai iliyopoa. Raewyn alipopiga mara ya kwanza alivua vile vipokea sauti vya masikioni.

"Kuna kitu kimelegea kwenye gitaa lako. Nikukazie?"

"Usiguse!" walisema wote watatu, na Baba wa nne.

Kwa maana Baba alikuwepo, na mimi pia na blanketi langu. Lile jani lilikuwa linasogea kila baada ya wimbo, na hakuna mwingine aliyejua kulirudisha. Alikaa kwenye kiti cha kwaya na bisibisi mkononi. Warwick alisimamisha kurekodi baada ya muda mfupi.

"Samahani, mzee, viatu vyako vinalia."

Baba, mtu asiyevumilia mlio, akavitazama viatu vyake kwa aibu, akavivua, akabaki na soksi za sufu alizofumiwa na Mama. Hivyo ndivyo alivyoisikiliza bendi ya mwanawe ukumbini mara ya kwanza.

"Kilima cha Nyuma" waliuacha wa mwisho, Jumapili mchana, Warwick akiwa ameshaanza kutazama saa na barabara.

"Tepu iliyobaki inatosha wimbo mmoja," akasema. "Mkikosea, basi. Kuna bendi nyingine ya Dunedin inanisubiri."

Raewyn akageukia amplifaya yake, akatupa mgongo. Wakaanza. Mwanzo ulikuwa mzuri, polepole kama bandani. Walipanda mara ya kwanza. Wakapanda mara ya pili, na waya wa uzio ukaanza kuimba, na hapohapo nikamwona Baba anainuka kitini. Alikuwa amesikia kabla yetu: skrubu imeachia. Jani lilikuwa linateleza. Mlio ukaanza kupinda, ukashuka, ukapasuka vipande viwili, mmoja wa juu mmoja wa chini, jambo ambalo halikuwa kwenye wimbo wala halikuwa bandani. Baba alikuwa ameshapiga hatua na soksi zake, bisibisi mbele.

Raewyn aligeuka. Sijawahi kumwona akigeuka katikati ya wimbo. Alimtazama Baba usoni, akatikisa kichwa, hapana, na mikono yake ikaendelea. Aliusukuma uzi kuelekea kule jani lilikokuwa linakwenda, akazifuata zile sauti mbili zinakoelekea. Tipene akamwona akamfuata. Baba alisimama katikati ya nyaya mguu mmoja umeinuka, na niliona mkono wenye bisibisi unavyotaka kukaza. Hakukaza. Akaushusha mguu taratibu usitoe sauti, akabaki pale mpaka jani likaanguka lenyewe sakafuni, tin, na wimbo ukaisha juu yake.

Warwick aliacha tepu izunguke kidogo kabla ya kuizima.

"Ile ya mwisho," akasema, "iliyoanguka. Mlikusudia?"

Lachie akafungua mdomo, lakini Baba alitangulia. "Iache," akasema. Halafu akamgeukia Raewyn kama anaomba ruhusa. "Si ndiyo? Iachwe?"

"Iachwe, Baba."

Jumatatu Raewyn alimwambia msimamizi wake kwamba zamu ya jioni hataiweza, yule akasikitika kwa dhati na kumpa mtu mwingine. Santuri ilitoka majira ya kuchipua. Hawajawa matajiri, na pale kwenye mashine ya chokoleti bado yupo, lakini redio za wanafunzi zimeupiga wimbo nchi nzima, na watu wa Melbourne wamewaita wakapige kwao pamoja na bendi nyingine mbili, majuma kadhaa. Wanaondoka mwezi ujao. Ile tin inasikika kwenye santuri. Baba akiusikia wimbo unakaribia mwisho huacha anachokifanya na kungoja.

Jani la kwanza lilipotea kwenye nyufa za sakafu ya ukumbi. Kwa ajili ya safari, Baba amevunja mengine matatu kutoka kwenye kifaa chake, na sasa hivi ninavyoandika yeye na Raewyn wako mezani wanayajaribu. La kwanza limemchosha Raewyn upesi. La pili Baba amelisifu, kwa hiyo limewekwa pembeni. La tatu linatoa sauti mbaya kiasi kwamba Mama amefunga mlango wa jikoni kwa mguu.

"Hilo halifai," Baba anasema.

"Hilo hilo," anasema Raewyn. "Lishike hapo hapo, usisogeze."